Hamira ipi kwa sukari ipi? Ulinganisho kwa anayechagua kabla ya kuanza kazi

Mwanafunzi mmoja aliniletea rafu yenye testi tyubu sita. Kila moja ilikuwa na maji ya maltosi yaliyotiwa fenoli nyekundu, rangi inayogeuka manjano hamira ikichacha na kutoa asidi, na ndani yake kijibomba kidogo kilichopinduliwa, kile cha kunasa hewa inayotoka hamira inapochacha. Tyubu tatu alizitia hamira ya dukani, ile ya mkate. Tatu alizitia BY4741, hamira ya maabara aliyoisubiri kwa wiki kadhaa kutoka ng'ambo. Siku ya nne, zile za hamira ya dukani zilikuwa zimegeuka manjano na vijibomba vimejaa hewa. Za BY4741 zilikuwa nyekundu kama siku ya kwanza, hakuna hata povu. Kwenye daftari alikuwa ameshaandika: "Imekufa."

Haikuwa imekufa. Tulichota kidogo tukatia kwenye glukosi, na kesho yake asubuhi hewa ilikuwa imejaa tele. Kilichotokea ni kwamba alichagua hamira kwa sifa zake, halafu sukari akaitafuta baadaye. Nimeliona kosa hili kwa watu wengi wenye akili na bidii, na linaniuma kwa sababu linakula miezi ya mtu. Kwa hiyo hapa naanza na sukari, kisha ndipo naita majina ya hamira.

Mlango, kisu na mwamshaji

Ili hamira ile sukari fulani inahitaji vitu vitatu, na kila kimoja kina jeni yake. Cha kwanza ni mlango, yaani protini iliyokaa kwenye utando wa seli na kupitisha sukari ndani. Cha pili ni kisu, kimeng'enya cha kuikata au kuigeuza ili iingie kwenye njia ya kawaida ambayo glukosi hupita. Cha tatu ni mwamshaji, protini inayoziwasha jeni za mlango na kisu sukari hiyo inapofika. Kikikosekana kimoja tu, hamira inalala njaa chakula kikiwa mbele yake. Zipo njia za mkato, kama nitakavyoeleza kwenye sukrosi, ambayo hukatwa nje ya mlango. Lakini kwa sehemu kubwa vitu hivyo vitatu vinatosha kukuambia utegemee nini.

Juu ya vyote hivyo kuna glukosi. Katika Saccharomyces cerevisiae, glukosi ikiwa nyingi, protini iitwayo Mig1 huzima jeni za kula sukari nyingine. Maltosi, galaktosi na sukrosi husubiri zamu. Glukosi inapopungua, protini nyingine, Snf1, humwondoa Mig1 kazini na jeni hizo hufunguliwa. Ukisahau jambo hili, unaweza kuchagua hamira sahihi kabisa na bado ukapata majibu ya uongo, eti kwa sababu ulibakiza glukosi kidogo kutoka kwenye chakula cha jana.

Saccharomyces cerevisiae: spishi moja, tabia nyingi

Hii ndiyo hamira ya mkate, ya divai na ya mnazi. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilikamilika kusomwa mwaka 1996, ya kwanza kwa kiumbe chenye kiini cha seli: kromosomu 16 na jeni takriban 6,000. Nasaba iliyosomwa, yaani ukoo mmoja ndani ya spishi, inaitwa S288C, na sehemu kubwa ya damu yake inatokana na hamira iliyochukuliwa kwenye tini bovu karibu na Merced, California, mwaka 1938. BY4741 na ndugu zake ni wajukuu wa S288C.

Sasa turudi kwenye maltosi. Jeni zake hukaa kwenye vituo vinavyoitwa MAL1, MAL2, MAL3, MAL4 na MAL6, karibu na ncha za kromosomu. Kila kituo kamili kina jeni tatu zilizokaa pamoja: mlango, kisu na mwamshaji. S288C ina vituo viwili, na milango ipo, visu vipo. Waamshaji wake ndio hawafanyi kazi. Hiyo ndiyo siri ya tyubu tatu nyekundu.

Ukitaka kuchunguza maltosi kwa nasaba ya maabara, chukua CEN.PK113-7D. Hiyo imebeba MAL2-8c, aina ya mwamshaji asiyelala, anayeziwasha jeni zake hata pasipo maltosi. Ni nzuri kwa anayepima kasi ya kukua na wingi wa ethanoli. Kwa anayetaka kuchunguza jinsi mwamshaji anavyoamka, CEN.PK haifai, maana utakuwa unasubiri kuamka kwa mtu ambaye hakulala.

Kwa galaktosi mambo yanageuka. Hapa BY4741 ndiyo ningekupa bila kusita. Angalia lakini: S288C yenyewe ina GAL2 iliyoharibika, na GAL2 ndiyo mlango wa galaktosi. Nasaba za BY zilirudishiwa GAL2 nzima. Watu husema S288C na BY kana kwamba ni kitu kimoja, na kwenye galaktosi si kitu kimoja kabisa.

Mfumo wa galaktosi naupenda kuliko mingine yote, na sijutii kuusifia. GAL1, GAL7 na GAL10, jeni za kuigeuza galaktosi, zimekaa jirani kwenye kromosomu ya II. Mwamshaji wake, Gal4, amekwisha kujishika kwenye DNA mbele ya jeni hizo, tayari kwa kazi, lakini protini nyingine, Gal80, imemziba mdomo. Galaktosi inapoingia, protini ya tatu, Gal3, huihisi na kumvuta Gal80 pembeni, na kazi ya jeni hizo hupanda takriban mara 1,000. Ukiweka glukosi, yote huzimwa hata kama galaktosi imejaa. Kwa hiyo usikuze hamira yako kwenye glukosi usiku kucha kisha ukaihamishia kwenye galaktosi asubuhi ukitarajia majibu ya haraka. Ikuze kwenye rafinosi. Sukari hiyo haiamshi jeni za GAL wala haizizimi, na ukiongeza galaktosi utaona mwitikio safi.

Kuna faida nyingine ya BY: upo mkusanyiko wa nasaba zake karibu 5,000, kila moja ikiwa imeondolewa jeni moja isiyo ya lazima kwa uhai. Unataka kujua bila GAL80 nini kitatokea? Nasaba hiyo ipo, unaiagiza. Hakuna hamira nyingine katika ulinganisho huu yenye hazina inayofikia hiyo kwa urahisi wa kutumika. Kasoro yake ni kwamba BY4741 haiwezi kujitengenezea histidini, leusini, methionini wala urasili. Ukisahau kimoja kwenye chakula chake, utailaumu sukari bure.

Na ile ya dukani?

Usiidharau. Kwa kufundishia shule ya sekondari ndiyo bora, na kwa sukrosi na maltosi inafanya kazi siku hiyo hiyo. Lakini hamira nyingi za mkate zina seti zaidi ya mbili za kromosomu, kwa hiyo kuondoa jeni moja na kuona athari yake ni kazi nzito: ukitoa nakala moja, nyingine zinabaki.

Tofauti kati ya hamira zenyewe za mkate ni jambo ambalo mwokaji yeyote anaweza kuliona kwa macho. Unga wa ngano una sukari kidogo. Vimeng'enya vya unga hukata wanga na kutoa maltosi. Hamira humaliza kwanza glukosi, fruktosi na sukrosi, kisha huhamia kwenye maltosi, na pale katikati donge linaweza kuonekana kama limesita kuumuka. Hamira nzuri ya mkate wa kawaida ni ile isiyosita sana, ambayo jeni zake za MAL huwaka mapema.

Kwa mandazi yenye sukari nyingi au maandazi ya sikukuu, kipimo ni kingine. Sukrosi hukatwa na inivetasi, kimeng'enya kinachotokana na jeni ya SUC2. Jeni hii moja hutoa aina mbili za kimeng'enya: moja hubaki ndani ya seli, nyingine hutolewa nje ya utando, na hiyo ya nje ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kila chembe ya sukrosi ikikatwa inakuwa chembe mbili, moja ya glukosi na moja ya fruktosi. Katika donge lenye sukari nyingi, kukata haraka ni kuzidisha chembe zinazovuta maji kutoka ndani ya seli, na hamira hunyauka. Ndiyo maana hamira zilizotengenezwa kwa donge tamu huwa na inivetasi hafifu. Kwa hiyo ukiona pakiti mbili, moja imeandikwa ya mikate ya kawaida na nyingine ya donge tamu, tofauti hiyo ni ya kweli na imo kwenye jeni.

Inivetasi hiyo ya nje ina jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban asilimia 99 ya glukosi na fruktosi inayokatwa huponyoka na kwenda kwa majirani kabla seli iliyokata haijaikamata. Seli isiyo na SUC2 inaweza kuishi kwa jasho la wenzake. Ukichanganya nasaba mbili kwenye chupa moja ya sukrosi, usidhani inayokua ndiyo inayokata.

Wa bia nitawapa aya moja. Hamira ya bia ya lager ni Saccharomyces pastorianus, chotara wa cerevisiae na Saccharomyces eubayanus, ambayo ilielezwa mwaka 2011 baada ya kupatikana Patagonia. Njia ya zamani ya kuitofautisha na hamira ya ale ni melibiosi: lager ina jeni ya MEL na huila sukari hiyo yote, ale kwa kawaida haina. Kwa jaribio rahisi la "jeni moja, sukari moja" darasani, sijui lililo zuri zaidi ya hilo.

Schizosaccharomyces pombe: jina letu, tabia zake

Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa jina la Kiswahili. Nafurahi kila ninapoliona jina hilo kwenye makala za sayansi za kila nchi. Ila tuseme ukweli wote: nasaba ya kawaida ya maabara, 972 na ndugu zake, ilitokana na maji ya zabibu ya kusini mwa Ufaransa na wala si na ile pombe yetu. Anayetaka kuchunguza hamira za pombe za hapa nyumbani azitafute mwenyewe kwenye chungu, asiagize 972 akadhani amerudisha mali nyumbani.

Ukiiweka kando ya cerevisiae, zinafanana kwa nje: zote mbili, zikipata glukosi nyingi, hutengeneza ethanoli hata hewa ikiwepo. Kwa ndani zimeachana mamia ya mamilioni ya miaka. S. pombe ina kromosomu 3 tu, na jenomu yake ilichapishwa mwaka 2002. Inakula sukrosi kwa inivetasi yake, inv1, na maltosi pia. Katika kuhisi glukosi, inategemea zaidi njia ya kipokezi cha Git3 kilicho kwenye utando na ishara ya cAMP, chembe ndogo inayopeleka habari ndani ya seli, ilhali kwenye cerevisiae njia ya Snf1 na Mig1 ndiyo inayotajwa kwanza.

Galaktosi ndipo inapochanganya watu. Jenomu ya S. pombe ina jeni za gal1, gal7 na gal10, zimepangwa vizuri kabisa, lakini nasaba ya kawaida haikui kwenye galaktosi kwa sababu jeni hizo hazijawashwa. Anayesoma orodha ya jeni peke yake ataapa kwamba inakula galaktosi. Kwa hiyo, kwa galaktosi chagua cerevisiae; kwa mgawanyiko wa seli na uhusiano wake na glukosi, chagua S. pombe. Na kama kazi yako ni kupunguza uchachu wa maji ya matunda, S. pombe ina sifa ya pekee, kwani hula asidi ya maliki kwa kutumia mae1 na mae2 na kuigeuza ethanoli.

Maziwa: Kluyveromyces lactis au marxianus

Mpe cerevisiae laktosi, sukari ya maziwa, haitafanya lolote. Haina mlango wala kisu. Kluyveromyces lactis inavyo vyote: LAC12 ni mlango, LAC4 ni kisu kinachokata laktosi ndani ya seli kuwa glukosi na galaktosi. Jeni hizi mbili zimekaa mgongo kwa mgongo, na zinaamshwa na LAC9, ambaye ni ndugu wa Gal4 kiasi kwamba wanaweza kushikiana kazi. Mwaka 1985 watafiti walihamisha LAC4 na LAC12 kwenye cerevisiae, ikaanza kula laktosi. Kimeng'enya cha LAC4 ndicho hutumika viwandani kutengeneza maziwa kwa watu ambao laktosi huwavuruga tumbo.

Anayependa historia ya jeni aichague K. lactis ailinganishe na cerevisiae. Katika K. lactis jeni moja, GAL1, hufanya kazi mbili: kugeuza galaktosi na kuihisi. Kwenye ukoo wa cerevisiae jenomu nzima ilijirudufu zamani sana, jeni hiyo ikawa mbili, na kazi zikagawanywa: GAL1 ikabaki na kugeuza, GAL3 ikabaki na kuhisi.

K. marxianus ndiyo ningempa mtu wa kazi za mikono. Hukua upesi mno, kizazi kimoja chini ya saa moja katika hali nzuri, na nasaba nyingi huvumilia nyuzijoto 45. Kwa maabara ya Tanga au Mombasa ambayo umeme ukikatika joto la chumba linapanda, hilo ni jambo kubwa. Tena ina INU1, jeni ya kimeng'enya cha kukata sukrosi na inulini, ambayo ni mnyororo wa fruktosi. Mkonge ni wa jamii ya agave, na agave huhifadhi sukari zake kama minyororo ya fruktosi ndani ya shina, kwa hiyo anayewaza juu ya mashina ya mkonge yanayobaki shambani aanzie hapa.

Onyo moja: jina la spishi halitoshi. K. marxianus ina nakala kadhaa za LAC12, na si kila nakala ni mlango mzuri wa laktosi. Nasaba zilizotoka kwenye maziwa huila vizuri. Nyingi zilizotoka kwenye mimea hujikokota. Ukiagiza kwa ajili ya maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, soma ilipookotwa. Tena, Kluyveromyces zikiwa na hewa ya kutosha hupeleka sukari kwenye kukua zaidi kuliko kwenye ethanoli. Anayetaka seli nyingi azitikise. Anayetaka ethanoli azibanie hewa.

Magunzi na makapi ya miwa: zailosi

Zailosi ni sukari inayopatikana kwenye mabaki ya mimea kama hayo, na hapa chaguo ni mbili. Scheffersomyces stipitis, jamaa wa hamira zinazoishi matumboni mwa mbawakawa watafuna miti, inakula zailosi kwa asili: XYL1 huigeuza kuwa zailitoli, XYL2 huigeuza tena kuwa zailulosi, na inaendelea. Inahitaji hewa kidogo, si nyingi wala si sifuri, na kuipatia kipimo hicho kunahitaji uvumilivu. Ethanoli ikizidi inashindwa mapema kuliko cerevisiae. Na kuna mtego wa kijeni: kodoni CUG, yaani herufi tatu za jeni zinazotaja asidi amino moja, ambayo kwetu na kwa cerevisiae husomwa leusini, yenyewe huisoma serini. Jeni uliyoiazima kwingine itaweza kutoa protini mbovu usipoiandika upya.

Chaguo la pili ni cerevisiae iliyopewa jeni. Ikipewa XYL1 na XYL2, hesabu ya visaidizi vya vimeng'enya haikai sawa, maana hatua ya kwanza hupendelea kutumia NADPH na ya pili hutumia NAD+, na zailitoli hurundikana. Njia iliyokata fundo hilo ni jeni ya zailosi isomerasi kutoka kuvu wa Piromyces, aliyetolewa kwenye kinyesi cha tembo wa Asia. Inageuza zailosi moja kwa moja kuwa zailulosi. Kwa kazi ya uzalishaji ningechagua njia hii, mradi uwe na kibali cha usalama wa kibayolojia. Kwa kujifunza jinsi zailosi inavyoliwa, stipitis inatosha na haihitaji kubadilishwa jeni.

Kabla hujaagiza

Omba jina kamili la nasaba na orodha yake ya jeni, kisha tafuta humo mlango, kisu na mwamshaji wa sukari yako. Inapofika, ipime kwenye tyubu nne: glukosi, sukari yako, sukari yako pamoja na glukosi, na maji yasiyo na sukari. Weka pembeni hamira nyingine unayojua kwamba inakula sukari hiyo. Kazi ya siku tatu.

Yule mwanafunzi hakuitupa BY4741. Tulikaa na orodha ya jeni, akauliza mwenyewe: kama kinachokosekana ni mwamshaji tu, je, nikimpa? Akaipa plasmidi, kiduara kidogo cha DNA, iliyobeba MAL63, mwamshaji mzima wa kituo cha MAL6, akachagua seli zake kwenye sahani zisizo na urasili, ambako huota zile tu zilizoipokea. Tyubu zilikuwa sita tena, tatu zenye plasmidi tupu na tatu zenye MAL63. Alinipigia simu siku ya pili kabla ya saa mbili asubuhi. Tatu nyekundu, tatu manjano, na hewa kwenye vijibomba vya zile za manjano imefika juu.